Gari la Muindi

Kware, Embakasi,
Jumapili, 9 Juni 2024.

Dada yangu mpendwa Lorraine,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya sita, ambako hata salamu hufika zikihema kwa sababu ya ngazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Ugunja, na shemeji Oketch mzima, na Phares mdogo akiendelea kuwavunjia vikombe kama kawaida yake. Kifua chako kimepoa? Mvua za huko zikizidi usivae kile kisweta chepesi cha kujionyesha kwa walimu wenzako. Sisi hapa tunapumua, Obonyo yuko salama, na mama mkwe yuko nasi tangu nijifungue.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa shule ya bweni nikiomba sabuni. Simu ninayo, na ina pesa, lakini kwa wiki tatu hizi siiamini simu, na sababu utaiona mbele. Tena nakujua, jambo likikuchoma katikati ya mazungumzo unakata. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana tu, na nina hakika hata ukiichana utaokota vipande usome mwisho wake. Kwa hiyo keti, dada, na kama Phares yuko karibu mpe kitu cha kuchezea.

Kwamba nilipata msichana tarehe ishirini mwezi uliopita, hilo unalijua. Jinsi alivyokuja hujui, maana kwenye simu nilikuambia tu kwamba Mungu amesaidia, nikabadilisha hadithi.

Unakumbuka lile benchi la kliniki lililoegemea ukuta wa kijani? Bado lipo, na bado ni bunge. Kila Alhamisi tulikaa pale na vijitabu vyetu tukingoja kupimwa presha, na kila mama akitoa ushuhuda kama yuko kanisani. Batulo, jirani yangu wa mlango wa kushoto, alisema mtoto wake wa tatu alimjia kati ya kuinjika chai na chai kuchemka, na chai yenyewe aliinywa ikiwa moto. Waringa anayeuza viazi pale stejini alikaa na uchungu siku tatu. Anasema aliota yuko kwao anapalilia shamba, na kila akikaribia mwisho wa mstari, shamba linaongezeka. Tiffany wa ghorofa ya kwanza hata uchungu haujui. Alidungwa sindano ya mgongo, akapasuliwa huku anaangalia taa, akahisi tu kama kuna mtu anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. "Mi sikuskia kitu, manze, nilishtukia tu naonyeshwa mtoi," alisema, na Waringa akamtazama kama mtu aliyeingia sinema bila tikiti.

Nuradin, nesi wa kiume ambaye akina mama walimkataa mwezi wa kwanza na kumgombania mwezi wa tano, alikuwa akituambia kila mara kwamba kila mama ana uchungu wake, na hata mama akiwa mmoja, mimba ya leo haijui ya jana ilipitia wapi. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa na moyoni nacheka. Sisi kwetu tulikuwa na kipimo chetu. Mama alitufundisha tukiwa tunabambua njugu, wewe na mimi, kwamba mtoto wa kwetu hupiga hodi mara tatu. Hodi ya kwanza fagia nyumba, hodi ya pili chemsha maji, hodi ya tatu ndipo uite watu. Siku mbili nzima, na asiwepo wa kuharakisha. Maneno hayo niliyabeba kama kitambulisho.

Basi Jumatatu hiyo ya tarehe ishirini Obonyo alikuwa ameenda kazini Industrial Area. Mchana wa Kware unaujua. Saa tano jua liko utosini lakini korido inahitaji taa, kwa sababu ploti ya ng'ambo imetukaribia mpaka ukinyoosha mkono unaweza kuazima chumvi kupitia dirishani. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, kwa hiyo korido ilikuwa giza na simu yangu ilikuwa imezima. Lakini kilichonisumbua si giza. Ni kimya. Ploti ya nyumba themanini, Lorraine, na hapakuwa na redio, hapakuwa na mtoto anayelia, hata wale mafundi wa kuchomelea vyuma hapo chini hawakuwa wanagonga. Niliweka kidole sikioni nikidhani masikio yameziba. Nikasikia tone la maji kutoka kwenye nguo za mtu, ghorofa nyingine, likianguka juu ya bati.

Nilikuwa nachambua dengu mezani uchungu wa kwanza uliponishika. Saa ya ukutani ilisema saa tano unusu. Sikushtuka hata kidogo. Nilisema hodi ya kwanza hiyo, nikachukua ufagio. Ndiyo, cheka. Nilifagia. Sikuwa nimefika mlangoni na takataka uliponirudia mara ya pili, nikashika ukuta kwa mikono miwili, na maji yakanitoka yakalowesha vumbi lote nililokusanya. Kuna uchungu unaokuja na kuondoka. Huu haukuondoka. Hata hivyo nikaweka sufuria jikoni nichemshe maji, si kwa akili bali kwa mazoea ya maneno ya Mama, na kiberiti kikanishinda.

Hapo mlango ukabishwa. Mara moja tu.

Nilipofungua, alikuwa amesimama Muindi, na ufunguo wa gari umening'inia kidoleni. Amekonda, ndevu zimeingia mvi, lakini kofia ni ileile ya kahawia. Najua jina hilo linafika kwako na moto wake. Ni Muindi yuleyule wa teksi, wa Probox nyeupe, aliyekuwa anakaa chini kwenye ploti yenu ya zamani. Ni yule ambaye sote tulisema alipigiwa simu asubuhi ile, miaka mitano iliyopita, akaahidi kuja kukupeleka hospitali, akakuacha na uchungu wako mpaka saa saba, na mtoto wako akazaliwa bila kulia. Sikuwa nimemwona tangu alipohamishwa kwa matusi. Naye hakunisalimu. Alilitazama tumbo, akasema gari liko chini na injini inanguruma.

Nilimwambia bado. Fikiria hilo. Nimejishika fremu ya mlango, miguu imelowa, na bado namwambia mtu kwamba sisi kwetu ni mpaka kesho kutwa. Akanijibu kwamba za kwetu yeye hazijui, yeye ameambiwa sasa. Nilitaka kumuuliza ameambiwa na nani, lakini uchungu ulinipokonya swali. Batulo akatoka kwake na leso mbili, wakanishika huku na huku, tukaanza kuteremka. Kila ghorofa tuliyopita, milango ilikuwa imefungwa na hakuna aliyechungulia. Watu wa Kware, Lorraine, ambao ukidondosha kijiko wanatoka kukuuliza umepika nini.

Garini tulikaa nyuma mimi na Batulo. Muindi alikuwa ameondoa koti lake kwenye kiti cha mbele na kukipangusa, na hakuna mtu aliyekikalia. Kabla hatujaondoka alituuliza kama tumekaa sawa wote watatu. Batulo akajibu ndiyo. Baadaye aliniambia alidhani Muindi amemhesabu mtoto wa tumboni, na huenda ni kweli. Mimi sijamuuliza Muindi mpaka leo, kwa sababu siko tayari kwa jibu lolote kati ya yale mawili.

Tulifika saa sita na dakika tano. Saa sita na dakika ishirini msichana alikuwa ameshatoka. Dakika hamsini, dada, toka kwenye dengu mpaka kwenye mtoto. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni mara mbili. Mkunga aliifungua upesi, kisha akaniambia kwa upole, wakati ananifuta uso, kwamba huyu angezaliwa kwenye sakafu ya nyumba tungemwona lakini tusingemsikia. Mimi nililia kwa sauti kuliko mtoto, wakadhani ni furaha.

Siku ya pili nilimpigia Mama kumweleza, kwa simu ya Obonyo. Nilimwambia hodi tatu zake hazikuja, imekuja moja tu, kama ya wale askari wa jiji, wa kanjo, wasiongoja kufunguliwa. Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema kumbe nimemrudia yeye, kwa maana mimi mwenyewe nilizaliwa njiani akitoka kusaga, kabla hajautua unga kichwani. Na wewe ulimchukua usiku mmoja tu. Ni kaka yetu mkubwa peke yake aliyekaa siku mbili. Nikamuuliza basi zile hodi tatu zilitoka wapi. Akasema tulikuwa wasichana waoga, tukisikia mwanamke analia kwa jirani tunakimbilia chini ya kitanda, basi akatupa kitu cha kuhesabu ili tusiogope. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza alivyokuwa anatia sukari kwenye dawa. Nilimrudishia Obonyo simu yake nikatapika kwenye beseni. Kwa nini nilitapika, nitakuambia.

Siku ya tatu Muindi alikuja kutuchukua hospitali, tena bila kuombwa. Tukiwa tumesimama kwenye maegesho, Obonyo amebeba mtoto, nilimuuliza nani alimpigia. Akatoa simu yake akanionyesha. Jumatatu, saa tano na dakika kumi, mazungumzo ya sekunde kumi na nne. Dakika ishirini kabla ya uchungu wangu wa kwanza. Na jina lililoandikwa pale lilikuwa "Lorraine Ghorofa 4".

Hiyo ni nambari yako ya zamani, ile ya Kware, ambayo ulisema ilipotea pamoja na simu siku ile ulipokuwa kwenye machela. Muindi hakuwahi kuifuta. Aliniambia alikuwa kwake Kariobangi anabadilisha gurudumu alipoona jina hilo likiita, na nusura aache iite mpaka ikome. Kisha akafikiri kwamba amengoja simu hiyo miaka mitano. Akapokea. Sauti ya mwanamke aliyeishiwa na pumzi ikamwambia aje sasa, mdogo wake yuko peke yake, ghorofa ya sita, ploti ya geti la bluu. Ikakatika. Anasema ni sauti yako, na wewe unajua Muindi si mtu wa maneno mengi. Nilijaribu nambari hiyo hapohapo kwa simu ya Obonyo, nikaambiwa haipatikani. Jioni nikampigia Oketch, nikamuuliza kwa hila ulikuwa wapi Jumatatu saa tano. Akasema ulikuwa unasimamia mtihani tangu asubuhi, na simu yako ilikuwa nyumbani Phares anaichezea. Kwa hiyo usiniandikie kwamba ni wewe, nitajua unataka kunituliza.

Sasa nifike kwa mtoto. Tangu azaliwe analia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo, na usiniambie habari ya maji ya bizari, tumempa. Ananyonya vizuri, anaongeza uzito, Nuradin amempima mpaka nyayo na hakuona kasoro. Anamaliza kunyonya, anageuza uso mlangoni, anaanza. Mama mkwe alipofika kutoka nyumbani alimsikiliza muda mfupi tu akasema huyu anadai jina. Unajua tunavyofanya. Akamweka mapajani, akaanza kuwaita marehemu mmoja mmoja, ili yule ambaye mtoto atanyamaza akitajwa, jina liwe lake. Akaita Aduwo. Akaita Awiti. Akaita Nyadera aliyekufa kwa kuumwa na nyoka, na shangazi wa Obonyo aliyekuwa mkali hata kuku wanamkumbuka. Wa kwao walipokwisha tukaita wa kwetu, nikampigia Mama atuongezee. Majina kumi na moja. Mtoto alilia kupitia yote.

Jumatano iliyofuata, mchana, mama mkwe alikuwa ameteremka kuchota maji kwenye tangi la chini. Nilikuwa nakunja nepi kitandani, nimechoka mpaka macho yanaona mistari. Mdomo wangu ukasema Nzisa. Sikupanga kulisema. Mtoto akanyamaza kama redio iliyokatiwa stima. Mama mkwe alipanda ghorofa sita mbio, na mtungi ameuacha chini, kwa sababu kimya kilipomfikia alidhani mtoto amekufa. Alimkuta amefumbua macho, ametulia, ananitazama.

Dada, jina hilo hakuna alijuaye ila wewe na mimi. Ulimnong'oneza mtoto wako sikioni kabla hawajamfunika, ukampa jina la yule nesi Mkamba aliyeketi na wewe sakafuni akalia kama ni wake. Ukaniambia nisilitaje kwa mtu yeyote, hata Oketch, na sikulitaja. Nimejaribu baada ya hapo, Mungu anisamehe, kama mtu anayejaribu swichi. Nikamwita Lorraine, akalia. Nikamwita Celine, akalia. Nikasema Nzisa, akanyamaza. Mama mkwe aliniuliza jina hilo ni la nani katika ukoo, nikamwambia si la ukoo wetu. Akasema jina la namna hiyo lina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Nisilitumie tena mpaka niende kwa mwenyewe nikaombe. Na nisiende nikiwa nimeficha kitu nyuma ya mgongo, maana mtoto atakiona hata kama mwenyewe hakioni.

Yule mama alikuwa hajamaliza siku kumi nyumbani mwangu, na tayari alikuwa amenisoma. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa, lakini nimeficha, na sasa nafichua.

Muindi hakupigiwa simu siku ile. Mimi sikumpigia.

Wewe ulinipa simu yako saa mbili asubuhi, mkono wako baridi, ukaniambia leo si kama siku zile, mwite Muindi. Nikatoka kwenye korido nayo. Nikasimama pale nikiangalia jina lake. Wiki hiyo tulikuwa tumerudishwa nyumbani kutoka hospitali mara mbili, unakumbuka, wakisema bado, na mara ya pili yule karani alituambia mbele ya foleni nzima kwamba hapa si gesti ya kulala. Wewe ulilia ndani ya tuktuk mpaka nyumbani. Nikajiambia sikupeleki tena mpaka hodi ya tatu. Nikahesabu, Lorraine. Nikasema hii ni ya kwanza, kwetu ni siku mbili. Nilirudi ndani nikakuambia Muindi amesema anakuja. Saa nne ukauliza, nikasema yuko kwenye msongamano Outering. Saa tano nikasema amekaribia. Nilifagia nyumba yako. Niliweka maji jikoni. Ulipobadilika rangi saa sita ndipo niliposhuka ngazi nikipiga mayowe, na Muindi alikuwa ameshaondoka na abiria wengine zamani, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiondoke.

Nilifikiri nakuepusha aibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiepusha mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono mbele ya foleni ile. Ulipouliza kwenye kitanda cha hospitali Muindi alikuwa wapi, nikasema aliahidi hakuja. Neno dogo hivyo. Oketch aliporudi kutoka Kisumu alimwendea na wanaume wa ploti, wakavunja kioo cha gari. Muindi alikuwa ameinua simu yake juu akiwaomba watazame tu, watazame kama kuna simu iliyoingia, na hakuna aliyetazama. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Waliondoka na godoro juu ya mkokoteni. Nilikuwa dirishani kwenu, nimeshika pazia, nikawaona mpaka wakakunja kona.

Na simu yako haikupotea kwenye machela. Ilikuwa mkobani mwangu. Niliogopa mtu ataifungua aone kwamba haikupiga. Simu niliitupa jalalani. Laini sikuweza kuitupa, sijui kwa nini, nikaifunga kwenye karatasi ya chingamu nikaiweka ndani ya mkebe wa vifungo vya cherehani. Nimehama nayo mara mbili. Haijawahi kuingia kwenye simu yoyote tangu siku ile. Tulipotoka hospitali nilifungua mkebe huo kabla hata ya kuvua viatu, na nilikuta karatasi imefungwa vilevile nilivyoifunga, na laini imo, na vifungo vyote juu yake. Simu ambayo sikuipiga miaka mitano iliyopita imepigwa, dada. Imemfikia Muindi, na imeniokolea mtoto mimi niliyemnyima wako gari. Laini nimeibandika kwa selotepu mwisho wa karatasi hii. Ni yako. Nilikuwa nashindwa kulala nayo chumba kimoja.

Kwa mimba ya Phares ulihamia karibu na hospitali mwezi mzima kabla, ukakataa kulala mahali ambapo huoni geti. Watu walikucheka, na mimi nilicheka nao. Nisamehe hilo pia.

Obonyo nilimwambia Alhamisi. Ndiye anayekuletea barua hii akimrudisha mama yake nyumbani. Hajanisemesha sana tangu hapo, na simlaumu. Ukimwona, mpe chai. Muindi nilimwambia Ijumaa, ndani ya gari lake, pale kando ya soko la Kariobangi. Sikumwomba anisamehe, nilimuuliza tu anataka nifanye nini. Akasema niandike kwa mkono wangu, nitie na jina lake, ili kuwe na karatasi mahali fulani duniani inayosema kweli. Basi naandika kama alivyonituma: Muindi hakuitwa. Angeitwa, angekuja.

Naomba jina hilo, Lorraine, lakini sasa unajua ni nani anayeomba. Ukikataa, sitakuuliza mara ya pili. Nitamtafutia jingine na nitabeba kilio chake, kwa maana nimekistahili. Nimeacha kulitamka kama nilivyoambiwa, na sasa hivi ninapoandika analia, uso ameugeuzia mlango, na nampakata kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana mistari imepinda.

Msalimie Oketch, na umsomee sehemu ya kioo cha gari, kwa sababu ana deni la msamaha kwa Muindi na hajui. Mbusu Phares. Mwambie Mama, ukimwona, kwamba sina kinyongo naye kwa zile hodi. Alitupa za kuhesabu tu. Mimi ndiye niliyezifanya sheria.

Na ikiwa moyo utakuruhusu kuja kumwona huyu mtoto, au kuja kunitemea mate usoni, gari la Muindi lipo. Amesema atakufuata popote, hata Ugunja, na nambari yake haijabadilika. Lakini mpigie mwenyewe, dada. Mimi sitasema tena kwamba nimekupigia.

Ni mimi mdogo wako,
Celine.